Matone ya Kutuliza Kibofu

Kacha. Kitasa cha choo cha uani kililia tena gizani, na Matone akatabasamu kitandani. Usiku kucha wapangaji walipishana pale mlangoni, wakisonyana. Wote walikuwa wamehamia soda isiyo na sukari, eti afya, na waliibugia kutwa nzima. Mwenye akili angepunguza soda, akanywa maji. Lakini wenye akili hawakuwahi kumlisha Matone.

Kulipokucha akavaa koti jeupe aliloazima kwa kinyozi.

"Ule utamu wa kutengeneza, na ile gesi, huwachokoza wengine kibofu," aliwaambia, na ukweli wake wa siku hiyo ukaishia hapo. "Tia matone mawili ya dawa hii, kibofu kinatulia. Kunywa mpaka uchoke."

Dawa yenyewe ilikuwa maji ya bomba yaliyotiwa chai. Wakaigombania, wasomi mbele.

Mkoba ulipotuna kwa pesa, akaenda kwa mama mwenye duka la jumla ili amuuzie mzigo wote wa dawa uliobaki. Mama huyo alikuwa mchoyo wa kupunja hata kamba ya kufungia katoni.

"Kaa hapo, daktari," alisema. "Kunywa soda yangu na dawa yako mpaka nimalize foleni. Usipokwenda msalani, nanunua mzigo wote. Ukienda, mkoba wako unabaki kwangu."

"Mama, unanionea huruma bure. Nitasinzia hapa."

Mama akamjazia glasi, akamjazia tena. Foleni ikajikokota. Matone akakunja nne, akakunjua, akaanza kusoma maandishi ya magunia kwa sauti.

"Daktari, mbona miguu inacheza?" mteja mmoja aliuliza.

"Dawa inashuka."

"Inashuka mpaka wapi?"

Jasho likamtoka. Kisha, ghafla, uso wake ukalegea, ukawa mtulivu kama wa mtu aliyesamehewa dhambi zote. Foleni ikaisha, naye yuko palepale kitini.

"Kumbe dawa kweli," mama alisema, macho yakimng'aa kwa faida ambayo hajaipata. Akatoa kitita. "Haya, simama tupeane mikono."

"Sisi tushakuwa ndugu, mama. Niletee hapa hapa."

Mama akainama kumpa. Bintiye mdogo, aliyekuwa akicheza sakafuni karibu na kiti, akamnyanyua mwanasesere wake haraka, akamkung'uta miguu.

"Mama, daktari amejikojolea."