Gramu Thelathini na Tano za Bwana Zellweger

Le Locle, Jumatano, 12 Februari

Kwa Bi Grandvuillet,
Mkurugenzi, Nyumba ya Saa ya Grandvuillet,
Ghorofa ya pili (naandika kutoka ghorofa ya kwanza)

Bi Mkurugenzi Mheshimiwa,

Natanguliza heshima pamoja na radhi, maana sijui ni ipi kati ya hizo mbili utakayoihitaji kwanza. Mimi ni Thibaud Huguelet, karani wa mapokezi, yule anayegonga mlango wako mara mbili kisha akaondoka kabla hujaitikia. Umeniagiza nieleze kwa maandishi, kabla ya Ijumaa, gramu thelathini na tano za Bwana Zellweger zimekwenda wapi. Ijumaa hiyo hiyo ndipo miezi yangu mitatu ya majaribio inapokwisha. Najua mambo hayo mawili hayahusiani. Hujiambia hivyo kila asubuhi ninapofunga tai, na tai hunikaba vilevile.

Niruhusu nikumbushe tukio lenyewe. Tarehe 3 Februari, Bwana Zellweger alifika kutoka Teufen kuchukua saa yake ya platinamu yenye mkanda wa platinamu. Nilimpa kadi yake ya maelezo, ambayo niliiandika kwa mkono wangu: uzito, gramu 297. Kwa kuwa mkono wake ni mwembamba, fundi wetu Bi Odile Rossel alitoa pingili tano za mkanda, akazitia katika kifuko cha ngozi, akanipa mimi nimkabidhi mgeni. Mgeni aliondoka na saa mkononi. Kitabu cha makabidhiano kinasema kifuko nacho kilikabidhiwa. Nina hakika kinasema hivyo kwa sababu niliyeandika ni mimi, kabla mgeni hajainuka kitini, kama kanuni ya nyumba inavyotaka.

Bwana Zellweger alipofika kwake aliiweka saa juu ya mizani ya jikoni, ile anayopimia jibini, akapata gramu 262. Akafungua boksi la saa atafute zilizobaki. Kifuko hakikuwemo. Kwa ajili hiyo Bi Odile, ambaye ana miaka ishirini na sita katika nyumba hii, ametakiwa kukabidhi ufunguo wa droo yake mpaka jambo liishe. Anakaa mbele ya meza yake bila vifaa, mikono mapajani. Mimi nikipita hapo hujifanya nasoma karatasi. Jana karatasi yenyewe ilikuwa tupu pande zote mbili.

Malalamiko yangu ni haya, nami nimeyapa namba ili yaonekane mengi.

1. Nalalamikia kadi. Zamani kadi zetu zilitaja upana wa saa, kina cha maji inachostahimili, na muda inaotembea kabla ya kutiwa ufunguo tena. Hakuna mteja aliyewahi kuzamisha saa yake mita hamsini ili atuandikie barua. Tangu mwaka jana tumeongeza uzito. Bi Mkurugenzi, katika nchi hii hakuna jiko lisilo na mizani. Tumempa mteja fimbo, tukamgeuzia mgongo, sasa tunashangaa tunachapwa. Naomba mstari huo ufutwe, au angalau uandikwe na mtu mwingine.

2. Nawalalamikia wateja, kwa adabu zote. Mwezi uliopita alikuja daktari wa upasuaji kutoka Lausanne akataka ile saa yetu ya titani, metali nyepesi, yenye mkanda wa kitambaa, gramu 31 kwa jumla. Aliivaa, akatikisa mkono, akafurahi. Alisema saa akiihisi mkononi ujue imeshamshinda. Wiki mbili baadaye akaja Bwana Zellweger. Kwa hofu ya kukaa kimya nilimwambia kwamba kwa macho platinamu hufanana kabisa na chuma cha pua. Hayo si maneno ya kumwambia mtu anayelipia platinamu, na niliona Bi Odile akifumba macho. Lakini mgeni hakukasirika. Aliipima saa kiganjani kama mtu anayenunua yai, akasema:

"Ndiyo maana naitaka, kijana. Watu wote wataona chuma. Atakayejua ni mimi na mkono wangu basi."

Sasa karani afanye nini, ikiwa mmoja analipia kuihisi saa na mwingine analipia kutoihisi?

3. Hapa naomba unisome polepole, kwa sababu niliwaza jambo hili siku mbili. Ile saa ya titani tunaisifu kwa sababu tumepunguza gramu, na kila gramu iliyopungua ni kazi ya ufundi. Saa ya Bwana Zellweger nayo imepungua gramu 35, ambazo ni nyingi kuliko saa nzima ya daktari. Kwa hiyo, bila kujua, ameondoka na saa iliyofanyiwa kazi kubwa kuliko aliyoagiza. Sisemi atuongeze chochote. Nasema tu kwamba barua ya shukrani ingefaa, na sijaiona.

4. Nilitafuta msaada katika elimu niliyosomeshwa kwa jasho la wazazi wangu. Uzito wa kitu hubadilika kidogo kwa kadiri ya urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Le Locle iko juu kuliko Teufen. Nilikokotoa karatasi tatu, usoni nikiwa mwekundu kwa matumaini, nikagundua kwamba saa ikiteremka kwenda Teufen inapaswa kuzidi uzito, si kupungua, na itazidi kwa kiasi ambacho hata mdudu hakihisi. Hoja hii naiacha hapa ionekane tu kwamba nilijitahidi.

5. Hii ndiyo hoja yangu kubwa. Gramu thelathini na tano haziwezi kuhisiwa na mkono wa binadamu. Nimethibitisha. Ijumaa iliyopita, wenzangu walipokwenda kula, nilitia katika makoti ya watu sita sarafu mbili za faranga tano na moja ya faranga mbili, ambazo kwa pamoja ni kama gramu 35. Jioni niliwauliza mmoja mmoja kama wamehisi lolote. Watano walisema hawakuhisi kitu, wakaniuliza kama nina homa. Wa sita, wa upande wa usafirishaji, alizihisi na akazinywea kahawa, lakini yeye kila siku hukagua mifuko yake akitafuta sarafu, kwa hiyo nimemtoa katika hesabu.

Nilitaka pia ushahidi wa Bi Odile. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi nikishika saa najua kama imepungukiwa skrubu moja," alisema. "Wewe kawape watu sarafu, mwanangu, upendwe."

Jibu hilo nalo nimelitoa katika hesabu, kwa kuwa yeye ni mhusika katika shauri. Lakini nakiri kwamba neno "mwanangu" nilirudi nalo nyumbani, maana angeweza kuniita mengine. Ni yeye aliyenikabidhi kifuko mkononi, na kitabu kinaonyesha kilifika mikononi mwa mgeni. Kama kitabu ni kweli, yeye hana kosa. Naomba hilo liandikwe popote patakapoandikwa mengine.

6. Hivyo basi napendekeza tumwandikie Bwana Zellweger yafuatayo. Kwanza, kwamba pingili zilizotolewa ni za mtu atakayenenepa. Pili, kwamba asinenepe. Tukimtumia kila mwezi ushauri mzuri wa chakula, supu ya liki bila soseji, jibini kwa kiasi, hatazihitaji pingili hizo maisha yake yote, na kitu kisichohitajika hakiwezi kusemwa kimepotea. Tatu, kwamba wanunuzi wa saa zetu wote waombwe kutia sahihi hati ya kutomiliki mizani, au wakimiliki, waitumie kwa jibini tu. Niko tayari kuichapa hati hiyo nje ya saa za kazi.

Bi Mkurugenzi, najua karani mwoga si mapambo ya nyumba. Nyumba hii ndiyo iliyomlea bibi yangu Alphonsine, aliyesawazisha springi za saa kwenye meza ya tatu karibu na dirisha kwa miaka arobaini na mmoja, na ni kwa jina lake mimi nilipokewa. Nikifukuzwa Ijumaa, atakayeshindwa kupita mbele ya mlango huu ni yeye, si mimi. Mimi nimezoea kupita nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nawasalimu wote: mafundi wa ghorofa ya juu, bawabu, mama anayefuta vioo vya kabati za maonyesho, na yule bwana wa usafirishaji pamoja na kahawa yake. Nabaki mtumishi wako mtiifu, angalau hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni,

Thibaud Huguelet,
Karani wa mapokezi

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaikunja. Bibi yangu amelitoa kabatini koti langu jeusi alipige brashi kwa ajili ya Ijumaa. Koti hilo, kama kanuni inavyotaka, huvaliwa siku ya wageni tu, na mara ya mwisho nililivaa tarehe 3. Amelining'iniza kwa kidole kimoja, akalipandisha na kulishusha.

"Thibaud, hili koti limezidi uzito upande wa kushoto."

Nilimweleza kwamba haiwezekani, kwamba mkono wa binadamu hauwezi, na kwamba nimethibitisha. Amenitazama jinsi alivyokuwa akitazama springi iliyopinda.

"Tia mkono mfukoni, mjukuu wangu."

Siku ile theluji ilikuwa ikianguka. Nilimsindikiza mgeni hadi kwenye teksi, mkono mmoja mwavuli, mkono mwingine boksi, na kifuko nikakitia mfukoni kwa muda wa kushuka ngazi tu. Tumezimwaga pingili juu ya mizani ya jikoni kwetu, ya jibini vilevile. Gramu thelathini na tano kamili. Mizani ya Bwana Zellweger haina kosa, kadi haina kosa, Bi Odile hana kosa. Kitabu kinalo, na mwandiko ni wangu.

Naomba Bi Odile arudishiwe ufunguo wake leo hii, hata kabla hujasoma namba 1 hadi 6, ambazo sasa hazina haja ya kusomwa. Pingili nazileta mwenyewe, mkononi. Nitagonga mara mbili, na safari hii nitasubiri.