Kitunguu Thomu Mlichoniagiza Wenyewe

Changamwe,
14 Mei 1961

Kwako Mzee Mwinyihaji,
Mtongwe, Likoni.

Shikamoo Mzee. Nakuandikia nikiwa na afya njema na ngozi safi, na hiyo ngozi safi ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nilipoleta posa ya binti yako Mwanarusi mwezi wa Machi, jibu la nyumba yako lilikuwa kwamba kijana hana neno, ila ana choa shingoni na shavuni, atibiwe kwanza. Dawa nikapewa na dada yako, Bi Mwanamkasi: kitunguu thomu kilichotwangwa, nipake asubuhi na jioni. Nikatii. Jumapili iliyopita nilikuja na shavu laini, nawe ukanijibu kwamba kwa harufu hii mlango wako siupiti, na arusi ya mwezi huu unaoandama, mfunguo tatu, haipo tena. Mzee, kwa heshima zote, sharti ni lenu na dawa ni yenu. Vipi harufu iwe yangu peke yangu? Malalamiko yangu haya hapa, nimeyatoa katika daftari langu la kila siku.

1. Dawa imefanya kazi. Tarehe 27 Machi mabaka yalikuwa saba. Siku hiyo nilipaka thomu tupu, nikaungua hata nikatia kichwa ndani ya ndoo. Tangu tarehe 28 nikawa nachanganya na mafuta ya nazi, naacha robo saa, naosha. Tarehe 16 Aprili, mabaka manne. Tarehe 6 Mei, hakuna. Sijapata kusikia mgonjwa akifukuzwa kwa kosa la kupona.

2. Kazini, kwenye bohari ya mafuta, tulikuwa makarani sita katika chumba kimoja. Mzungu wetu alivumilia wiki mbili, kisha akanihamishia chumba cha peke yangu, chenye madirisha mawili na feni. Watu wa chama wakaja kunipongeza kwa kuwa Mwafrika wa kwanza hapo kupewa ofisi yake, wakataka hotuba. Nikaitoa. Walinipigia makofi wakiwa wamesimama karibu na dirisha.

3. Wajua mwenyewe kwamba aliyekula thomu mbichi hukaa mbali na msikiti mpaka harufu imtoke. Nilimweleza imamu wetu kwamba mimi sikula, nimepaka tu. Akacheka. "Mwanangu," akasema, "hukumu ya mpakaji nitaitafuta kitabuni. Wewe ningojee nje." Bado anatafuta. Hii ni wiki ya tano.

4. Siku niliyokuja kwako feri ilijaa pomoni, lakini mimi nilipata nafasi ya kutosha kulala. Muuza samaki mmoja, Mzee, tena mwenye samaki wake kichwani, alinitazama akasema, "Baba, wewe umeshaungwa, wangoja mchele tu!" Watu walicheka mpaka ng'ambo. Nami nilicheka, kwani alisema kweli.

5. Na siku hiyo hiyo jikoni kwako palikuwa na pilau, nami nilisikia harufu yake tangu njiani. Thomu ilikuwamo, tena si kidogo. Ikitoka sufuriani mwasema mashallah. Ikitoka kwa mkwe mwaziba pua.

Kwa hiyo naomba arusi iwe mfunguo tatu kama tulivyopatana, na wageni mlangoni, badala ya kunyunyiziwa marashi, wapakwe thomu kidogo kila mmoja. Wote wakinuka, mwenye harufu atakuwa nani? Ikifaa Mtongwe, nitaipendekeza kwa serikali yetu itakayokuja, inshallah. Taifa lenye harufu moja haligawanyiki.

Nisalimie Bi Mastura mama wa nyumba, na Bi Mwanamkasi, ambaye sina kinyongo naye, na wote walionipokea kwa ukingo wa kanga puani.

Ni mimi mwanao mtarajiwa, mwenye ngozi safi na nia safi,
Ishaka bin Mwinyikombo

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta stempu, nikaletewa barua ya Mwanarusi kupitia kwa shangazi yake. Asema choa changu hakikumsumbua hata siku moja. Ni yeye aliyemsihi Bi Mwanamkasi aniagize dawa yenye kunuka, ili arusi isogee mpaka amalize mtihani wake wa ualimu mwezi wa Novemba. Alihofu kwamba akiolewa kabla ya mtihani, vitabu vyake vitaishia kufungia karanga. Amenitaka nikueleze mimi, kwa kuwa yeye anakuogopa, nami nimekwisha kukataliwa, sina la kuogopa. Naona ana haki. Ilinipasa kumuuliza.

Basi Mzee, malalamiko yote matano nayafuta. Tafadhali endelea kunikataa mpaka Disemba, kwa sababu hiyo hiyo ya harufu. Majirani wakiuliza kwa nini arusi imechelewa, pua zao zitawajibu. Kitunguu ninacho cha kutosha, na jioni hii nimepaka tena.