Ndege ya Vioo na Mfumo Wake wa Akiba

"Vioo vikizima nikiwa ndani ya wingu, sina kitu kingine cha kunionyesha kama ndege imenyooka au imelala ubavu."

Hayo, mabibi na mabwana, si maneno yangu. Ni maneno ya Kapteni Cheruto, rubani tunayemlipa sisi, aliyoyatamka asubuhi hii mbele ya wanahabari akikataa kuruka, huku Mama Wanjugu wa Kabazi amelazwa ndani ya ndege akingoja kupelekwa Nairobi kufanyiwa upasuaji wa moyo. Nimesimama hapa kuyavunja maneno hayo mfupa kwa mfupa.

Lakini kwanza itifaki. Mwakilishi wa mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye mwenyewe yuko njiani, waheshimiwa wanakamati, wanakamati ndogo, na wanakamati wanaosimamia kamati ndogo, viongozi wa dini mliokuja na vipaza sauti vyenu, wazee, akina mama, vijana wa bodaboda mlioletwa na mliojileta, jamaa za mgonjwa, mgonjwa mwenyewe, popote ulipo hapo ndani, na mimi binafsi, Daktari Micah Kosgei, Mwenyekiti wa Bodi ya Ndege za Dharura ya Bonde la Kati: hamjambo? (Wachache wanajibu.) Nimesema, hamjambo? (Wengi wanajibu. Mtoto analia.)

Ndugu zangu, bodi yangu, katika strategic plan niliyoiandika mimi na kuipitisha mimi, iliwaletea ndege ndogo yenye dashibodi ya kisasa kabisa, ile marubani huita dashibodi ya vioo, yaani skrini mbili pana zinazoonyesha kimo, mwendo, njia na mlalo wa mabawa kwa rangi, kitu ambacho wajumbe wangu kumi na wanne walienda kukifanyia benchmarking ng'ambo na wakarudi wakiwa wamenenepa kimawazo. (Mzee mmoja: "Na kimwili.")

Sasa Kapteni anadai kwamba wiki jana, juu ya Kariandusi, akiwa amemezwa na wingu, alteneta, ile inayochaji betri, ilikufa, betri ikaisha, vioo vyote viwili vikazima kwa pamoja, na kwamba alinusurika tu kwa sababu wingu lilifunguka kidogo akaona ule weupe wa machimbo ya udongo mweupe chini yake. Mimi nauliza swali rahisi. Je, hakufika? Alifika. Basi mfumo ulifanya kazi, na ule weupe tumeshauingiza kwenye framework yetu kama Backup Option Nambari Moja. (Makofi kutoka jukwaani pekee.)

Option Nambari Mbili ni kwamba skrini ni mbili. Ikizima moja, nyingine inabeba kazi ya mwenzake. (Kapteni Cheruto, kutoka mlangoni pa ndege: "Zote zinakula betri moja, mzee.") Kapteni, hata mimi na naibu wangu tunatumia gari moja, na hatujawahi kuchelewa wote wawili. ("Mlichelewa leo," mama mmoja anasema.) Option Nambari Tatu ni dirisha. ("Ndani ya wingu dirisha ni kama blanketi usoni, mzee.") Suala la mawingu, Kapteni, tumewaandikia wanaohusika.

Nasikia pia mnong'ono kwamba ndege hii ilipokuja ilikuwa na geji tatu za mshale, za mviringo, chini ya skrini, moja ya kimo, moja ya mwendo, na moja ya mlalo wa mabawa iliyo na betri yake yenyewe. Ni kweli. Niliziona nikaona haya, maana zilifanana na za posho mill, kile kinu cha kusagia mahindi, na mimi siwezi kuwaletea watu wangu karne ya ishirini na moja iliyo na posho mill tumboni, kwa hiyo niliamuru zing'olewe, na mashimo yao yakafunikwa kwa kibao cha shaba chenye jina langu.

Wala hazikupotea, kama wale wa mitandaoni wanavyopayuka. Ziko kwangu Milimani, salama, ukutani sebuleni juu ya televisheni, na ninawahakikishia ni mali imara: ile ya kimo inasoma futi elfu sita na kitu, mchana na usiku, na hata juzi stima ilipopotea mtaa mzima, televisheni ikazima, friji ikazima, geti likakataa kufunguka nikalala ndani ya gari, yenyewe niliikuta asubuhi ikiendelea kuonyesha kimo cha sebule yangu bila wasiwasi wowote.

(Kicheko kinaanzia kwa bodaboda na kuenea hadi kwa viongozi wa dini.)

Mnacheka nini?

(Fundi Kihara, anayeitengeneza ndege hiyo: "Mheshimiwa, si uzilete tu. Bomba zake za hewa bado ziko nyuma ya kibao. Nikishafunga na kupima, Kapteni anaruka." Kapteni Cheruto: "Leo leo. Nitampeleka mama.")

Fundi, hapa hatufanyi mambo ya jua kali, ya mafundi wa kando ya barabara. Geji zile ziliondolewa kwa mujibu wa utaratibu, na kuzirudisha kunahitaji zabuni, maoni ya umma, na tathmini ya athari kwa ukuta. (Ndung'u, mwana wa mgonjwa: "Boss, Milimani ni hapo tu. Mama yangu hana siku za zabuni.") Kijana, machungu yako nayaelewa, nimeyatengea aya nzima katika ripoti.

Tena kwa nini mlilie ya zamani, wakati leo nazindua rasmi Mfumo wa Akiba wa Vioo, mradi ambao kwa miaka mitatu mfululizo reliability yake imekuwa asilimia mia moja, bila kuharibika hata mara moja, rekodi isiyo na mfano katika ukanda huu? (Anaingia ndani ya ndege na kuvuta kitambaa kwenye dashibodi. Ni kibao kilekile cha shaba.) Someni. Jina limeandikwa vizuri.

Vioo juu! Akiba mbele! (Vijana wa bodaboda wanavaa helmeti zao.)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu wa mradi huu, ambao tutawateua. Msambazaji wa vifaa, ambaye tutamtafuta. Na wote waliohakikisha kwamba mfumo huu, kwa kuwa haujachorwa, haujaagizwa wala kufungwa popote, hauna hata kasoro moja ya kiufundi.

(Pikipiki zinawashwa. Fundi Kihara anapanda ya kwanza na bisibisi zake, Ndung'u ya pili.)

Nyinyi, mnaenda wapi? Msimamizi wa itifaki, funga lango. (Lango liko wazi. Msimamizi amepanda ya tatu.)

Basi nawaambia nyinyi watu wa Kabazi, na hasa wewe Ndung'u: rudini hapa sasa hivi, mwacheni fundi wangu, na mumwombe Kapteni aruke na mama yenu jinsi ndege ilivyo. Wapiga picha wanaondoka saa sita.