Barua ya Mtu Asiyetaka Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa masjala anastaafu Ijumaa. Cheo ni changu. Miaka ishirini na miwili napanga majalada, sijapoteza hata moja. Mpinzani ni mmoja tu, bwana wa meza ya dirishani tunayemwita Kifutio. Leo nimesoma kijitabu cha falsafa ya kale. Kinasema aliye huru ni yule asiyetamani kilicho mikononi mwa wengine. Nimeshtuka. Kumbe njia ni hiyo: mkurugenzi akiona sikitamani cheo, atanibembeleza nikichukue.

Jumanne, 4 Machi

Kifutio ameomba arudishiwe barua yake ya likizo, alikosea tarehe. Nimekataa. Nimemweleza kwamba barua ikishagongwa muhuri ni mali ya ofisi, haitoki. Akasema haya, mzee wetu, akacheka. Kucheka, mbele ya majalada! Nilijitawala. Kalamu ilivunjika yenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwandikia mkurugenzi: sitaki cheo, furaha yangu imo nafsini mwangu. Aya tatu, bila kosa hata la mkato. Mke wangu aliuliza, je, wakikubali? Nikamwambia haijui falsafa. Akajibu kwamba falsafa haijui, ila mimi ananijua.

Kifutio ameipokea barua na kuigonga muhuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mkurugenzi ameniita. Nilivaa tai. Nilipanga kusita mara mbili, kisha kukubali kwa huzuni. Akanipa mkono, akasema hajapata kuona mtumishi aliyeridhika kama mimi. Cheo amempa Kifutio.

Nilikaza tai. Nikauliza kama aya ya tatu aliisoma vizuri. Alisema aliisoma mara mbili.

Nikakimbilia masjala kuichukua barua. Kifutio alikuwa ameishika. Akanikumbusha, kwa upole wa kuudhi, kwamba barua ikishagongwa muhuri haitoki. Maneno yangu yaleyale. Akaongeza: pole, mzee wetu, lakini si ulisema hukitaki?

Ijumaa, 7 Machi

Kifutio amekalia kiti cha mkuu. Kinazunguka. Miaka ishirini na miwili, sikujua kwamba kinazunguka.

Nimekirudia kijitabu na kosa nimeliona: nilikataa kitu kidogo mno. Nimeandika barua mpya. Hata kazi yenyewe siihitaji, niko huru, naondoka leo saa kumi. Sasa watanibembeleza. Nimeigonga muhuri mwenyewe, asije mtu akadai kwamba si rasmi.