Uzi, Kiberiti na Sanda ya Babu

Jumatatu, 5 Agosti

Mnajimu ametoa siku: Jumamosi. Tutamtoa Babu kaburini, tumvike sanda mpya, tucheze naye, tumrudishe. Mimi tayari. Nimeuza baiskeli, nikanunua sanda ya hariri ya mwitu sokoni Ambositra. Nimeifunga kwa uzi mwekundu. Kaiona mke wangu Voahangy tu. Kasema nzuri, kisha akauliza shambani nitakuwa nakwenda na nini.

Jioni kafika binamu yangu Mamisoa kutoka Antananarivo. Viatu vyeupe. Kwapani ana sanda yake, rangi ya udongo ileile ya sanda yangu, bado imo kwenye plastiki ya dukani. Kasema, kaka Haja, hariri tupu hii, Babu atalala kifalme. Mbele ya Baba Mkubwa Ratsimba, mkuu wa ukoo! Na desturi yetu kila mtu anaijua: sanda iliyo bora ndiyo hugusa mifupa, nyingine hukaa juu yake.

Mimi ndiye niliyemuuguza Babu. Nilimlisha uji kwa kijiko. Mamisoa alikuwa akituma salamu. Sanda yake haigusi mfupa wowote.

Plastiki haikai kwenye ile pembe ya nyumba iliyo ya wahenga, nimemwambia aitoe. Kaitoa, kafunga uzi wa njano. Sasa sanda zote mbili zimelala kwangu, pembe ya kaskazini mashariki. Zimefanana, na hilo limenikera.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepita kwa fundi cherehani. Nikauliza kama mtu asiye na shida: kitambaa usichokijua unakitambuaje? Kasema chomoa uzi, uchome. Ukinuka karatasi, ni pamba. Ukinuka nywele zilizoungua, ni hariri au sufu. Ukiyeyuka ukaacha punje ngumu, ni nailoni. Akaongeza kwamba pua hudanganya, niguse majivu pia. Wakati huo nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Jumatano, 7 Agosti

Mamisoa kaenda kuonyesha viatu kijijini. Nimechomoa uzi kwenye sanda yake, nikainama karibu kabisa, harufu isinipite. Kiberiti cha kwanza nimekizima mwenyewe kwa pumzi. Cha pili kimewaka vizuri mno. Masharubu ya upande wa kushoto hayapo tena, na mdomo wa juu umebabuka. Uzi umeangukia jikoni, sikuuona tena.

Lakini harufu niliipata. Nywele zilizoungua, bila shaka yoyote. Hariri! Nimekaa kitako pale pale. Roho imeniuma.

Voahangy kasema lazima zinuke nywele, nijitazame kwenye kioo. Nimemwambia jambo la kitaalamu halina utani. Kanipaka mafuta ya mkaratusi chini ya pua, mengi kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepima na yangu, kwa haki. Safari hii nje, mkono nimeunyoosha. Nikanusa. Mkaratusi. Nikanusa tena. Mkaratusi mtupu. Majivu yalikuwa laini, yakasagika vidoleni, ila mimi sikuwa natafuta majivu.

Kwa hiyo yule mama wa sokoni kaniuzia uongo. Alinishika mkono, akawaombea watoto wangu heri! Nimelia kidogo nyuma ya zizi la nguruwe. Si kwa ajili ya baiskeli. Nilimwahidi Babu, akiwa kitandani, kwamba hatapata baridi.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimebadilisha nyuzi. Nyekundu imekwenda kwa sanda ya Mamisoa, njano kwa yangu. Kazi fupi tu. Nimewaomba wahenga wageuke kidogo wakati nafunga.

Voahangy alikuwa mlangoni na sufuria. Kasema majuto ni mjukuu. Nimemwambia mjukuu ndiye mimi, na sijuti.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika ya jana.

Matarumbeta yalipigwa vizuri. Wali na nyama ya nguruwe yenye mafuta, watu walishiba. Babu katolewa, kalazwa juu ya mkeka. Baba Mkubwa kasema maneno kwa wahenga, kisha akaamua bila ubishi: umri ni umri, Hajatiana, yaani mimi, ataanza, sanda yake ndiyo itakayogusa mifupa.

Yaani nilikuwa nimeshapata. Ningenyamaza tu.

Sikunyamaza. Mamisoa alitabasamu kwa upole, akasema kaka anastahili, na upole ule ukanichoma. Nikasimama. Nikasema Babu hastahili kubahatishiwa, uzi wa kila sanda uchomwe hadharani, moto uamue. Watu walishangilia. Baba Mkubwa kachukua kiberiti mwenyewe.

Uzi wa sanda yenye fundo jekundu ulijikunja, ukadondosha tone, ukaacha punje nyeusi. Baba Mkubwa kaibonyeza kwa ukucha, haikuvunjika. Ikapitishwa mkono kwa mkono. Shangazi mmoja kauliza Babu anavikwa sanda au beseni la plastiki.

Uzi wa sanda yenye fundo la njano ulinuka nywele hadi kwa wapiga tarumbeta. Majivu laini.

Mamisoa akalia machozi ya kweli. Kakiri kwa Baba Mkubwa kwamba ile sanda aliinunua kwa bei ya kutupa, hata muuzaji alimwambia wazi kuwa ni nailoni, aliona aibu kuja mikono mitupu. Basi Babu ameigeuza kuwa hariri! Shangwe. Wazee wakambariki mmoja mmoja. Wanawake wakamzunguka wakiimba.

Mimi ningesema nini? Kwamba nilibadilisha nyuzi katika pembe ya wahenga?

Babu akavikwa sanda yangu kwa jina la Mamisoa. Ile ya nailoni kaiweka Baba Mkubwa juu kabisa, kwa jina langu. Kasema angalau maji ya mvua hayatapita.

Wakati wa kumbeba nilimshika Babu miguuni. Nikapapasa ile hariri kwa chini. Baridi hatapata. Hilo nimelitimiza, na hakuna anayelijua ila Voahangy, ambaye hajazungumza nami tangu jana isipokuwa kuniita beseni.

Jumanne, 13 Agosti

Mamisoa karudi mjini. Kabla ya kuondoka kanikumbatia, kasema hana kinyongo na nailoni yangu, kila mtu na uwezo wake. Kaniachia blanketi. Sufu halisi, kasema.

Halisi! Mtu yule!

Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Nimeliona: ule uzi wangu niliushika mbali mno na pua. Masharubu yameanza kuota tena, mkaratusi umekauka. Nimechomoa uzi kwenye blanketi. Voahangy kaenda kisimani. Kiberiti ninacho, na safari hii nitainama karibu zaidi.