Ngao ya Domomwiko

Jumatano, 8 Januari
Barua imefika! Ngao ya Ulinzi wa Wanyamapori ni yangu, Mbunge Hsiao Chin-lai. Nitakabidhiwa Jumamosi kando ya mabwawa ya samaki, mbele ya ndege wenyewe: domomwiko mia tatu walioikimbia baridi ya kaskazini. Mbunge Weng, yule mama wa ng'ambo ya mto, kapiga simu kunipongeza. Eti, kaka, siku hizi unaweza kumtofautisha domomwiko na bata? Wivu! Nikamjibu sheria ya ardhi oevu niliipigania mimi, yeye akisinzia kamatini.

Alhamisi, 9 Januari
A-hui, katibu wangu, kasoma masharti: ukimya kabisa. Lakini Mzee Kuo wa hekaluni ameshaahidi fataki, mikanda ishirini. Kwetu mbunge hafungui hata kibanda cha tambi bila fataki. Nikikataa, nimelitukana hekalu, na hekalu ni kura mia nane. Dawa ninayo: zilipuliwe hukohuko hekaluni, kilomita mbili kutoka bwawani. Nimelowesha kidole kupima upepo. Unaelekea baharini. Kichwa hiki!

Jumamosi, 11 Januari
Zililipuliwa hekaluni, ndiyo. Minne. Mzee Kuo akaona mikanda minne ni aibu kwangu, akanifuata na lori. Kumi na sita iliyobaki ililipuka nilipofika kwenye neno "utulivu". Ndege wote juu! Uzuri usio kifani, kwa sekunde nne. Kisha wakavuka mto. Dakta Liao, mwenyekiti wa kamati ya tuzo, ngao mkononi, akaniuliza kwa adabu sasa nalinda nini. Nikamwonyesha mmoja aliyebaki topeni. Akasema ule ni mfuko wa mbolea. Mzee Kuo akanipiga mgongoni: Mheshimiwa, mapokezi haya watayasimulia!

Jumapili, 12 Januari
Ngao kapewa Weng. Ndege wametua kwake, basi yeye ndiye mhifadhi! Kapiga tena. Wageni wako wamefika salama, kaka, wamekula, wanakusalimu. Nimekata simu. Kwa heshima zote.

Jumatatu, 13 Januari
Nimetafakari. Kosa si langu, ni la ndege. Kiumbe anayeruka hana msimamo. Ipo tuzo ya kasa, visiwani Penghu, mwezi wa nane. A-hui aandike leo kwamba nimewapenda kasa tangu utotoni. Safari hii hakuna kelele, naapa. Nimeagiza taa kubwa mia mbili, zimulike ufuko mzima wakitaga. A-hui anasema mwanga huwapoteza kasa. Wapotelee wapi? Hawana mabawa!