Nilivyowalaza Wakwe Chini kwa Sintesaiza

Jameni, leo nimewalaza wakwe chini. Kifudifudi. Kwenye vumbi, na suti zao za Jumapili.

Wacha niandike sasa hivi kabla shangazi zangu hawajaanza kuwasimulia kwa njia yao.

Kwa wale hawanijui vizuri: kazi yangu ni kurekebisha simu, Voi mjini. Ugonjwa wangu (Mama ndiye anauita ugonjwa) ni sintesaiza. Si kile kinanda cha kanisa. Hii ni fremu ya mbao iliyojaa vipande vya chuma, kila kipande na kazi yake, unaviunganisha kwa nyaya na kuzungusha swichi mpaka sauti itoke. Mama anaiita redio isiyo na stesheni.

Ndani ya kipande kimoja kunakaa programu. Programu yenyewe ni huria: watu wa nchi mbalimbali wanaitengeneza pamoja mtandaoni, bure, na yeyote anaweza kuifungua airekebishe. Mimi ndiye naandika mwongozo wake wa Kiswahili. Na kwenye toleo jipya nina mchango mwingine, ambao nilikuwa najivunia sana mpaka leo mchana. Sauti ya nyuki.

Iko hivi. Kwetu Sagalla, nje kidogo ya Voi, shamba limezungushiwa mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya. Ndovu akija kula mahindi anagusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anaenda zake. Kwa hivyo nyuki wenye hasira tunawajua tangu utotoni, na kila mtoto wa kwetu amefundishwa: ukiwasikia, lala chini, jifunike kichwa, usipunge mikono. Basi wenzangu wa mtandaoni walipoanza kuunda sauti mpya inayoitwa Bumba, niliwarekodia nyuki wetu ili wafananishe. Wakanitumia jaribio la kwanza. Nikawajibu, "Hawa wamelala." Wakatuma la pili. "Hawa wamekula wakashiba." (Nilijiona mtaalamu kweli.)

Leo asubuhi Inês, dada wa ng'ambo anayesimamia kikundi chetu, akaniandikia: "Hili ndilo la mwisho. Lijaribu, uniambie kama hawa ni nyuki wa kweli. Watu wanasubiri."

Leo! Siku wakwe wanakuja kumposa dadangu mdogo, Wakesho!

Mchumba wake ni Dan, kijana wa Taveta, mpole, hana neno. Neno lilikuwa kwa mamake. Mama Dan ana goti bovu, anatembea na fimbo, na alishasema hataki msichana wa ofisi kama Wakesho, kwa sababu msichana wa ofisi hatamtunza goti likikataa kabisa. Mama Dan akisema hapana, Dan hapindui. Wakesho amelia wiki nzima. Kwa hivyo leo nyumba yote ilikuwa na kazi moja tu: Mama Dan aseme ndiyo.

Mimi nilipewa muziki. Nyimbo za kanisa, kwa upole. Nilikodi spika kubwa nikaiweka pembeni kabisa mwa ua, karibu na mizinga, isije ikawapigia wageni masikioni. (Shikeni hapo, karibu na mizinga.) Waya wake ukapitia dirishani hadi kwenye miksa yangu chumbani, kile kisanduku cha kuunganishia sauti zote.

Wageni wakafika. Salamu, sala, chakula. Mama Dan akakaa kwenye kiti amenyoosha mguu, na hakugusa hata chai. Wakesho alimpelekea kikombe, akatikisa kichwa tu. Uwiii, roho yangu! Kisha msemaji wao, babake mdogo Dan, Mzee Lukindo, akasimama akafunga vifungo vya koti.

"Tunaomba muziki uzimwe," akasema, "tuingie kwenye maneno."

Nikakimbia chumbani nikauzima kwenye simu. Kwenye simu. Spika nikaiacha inawaka.

Halafu shetani akaniambia: Mkamburi, nafasi ndiyo hii. Wazee wakishaanza maneno si yanaenda mpaka jioni? Nikafunga mlango. Nikaingiza toleo jipya, likaingia vizuri. Nikachomeka sintesaiza kwenye miksa, nikavaa hedifoni zangu, zile nene ambazo hata ukiitwa kula husikii. Nikachagua Bumba. Nikawasha.

Kimya.

Nikaongeza sauti kidogo. Kimya. Nikafungua mwongozo (nilioandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu). Umeandikwa: "Usiposikia kitu, ongeza sauti." Nikatii. Nikazungusha ile swichi hadi mwisho.

Kimya tu. Hapo ndipo nikatupa macho dirishani.

Wageni walikuwa wamelala chini. Wetu pia. Nyuso kwenye udongo, mikono juu ya vichwa. Nikasema moyoni, aki hawa watu wa Taveta wanaomba! Sisi huku tunafumba macho tu, wenzetu wanalala kabisa. Nikawaheshimu sana. Nikapunguza sauti, ili nisikilize kama nyaya zina shida.

Vichwa vikainuka, kimoja kimoja.

Nikadhani sala imeisha. Nikaongeza sauti tena.

Vichwa vikarudi chini. Pamoja.

Nikapunguza. Wakainuka. Nikaongeza. Wakalala. Na mimi nimesimama pale na kidole kwenye swichi, nawaza jinsi ibada yao inavyopendeza! Nilichokuja kushtukia ni Baba. Baba alikuwa anatambaa kwa magoti kuelekea mizinga, ameshika kuni zinazofuka moshi. Na Baba hafukizi moshi wakati wa sala. Nikaangalia vizuri. Miguu miwili yenye viatu vya ngozi ilikuwa inatoka mlangoni mwa banda la kuku. Viatu vya Mzee Lukindo.

Nikavua hedifoni. Waya wake hata haukuwa umeingia vizuri kwenye tundu.

Wueh! Nyuki! Ua mzima ulikuwa unavuma. Mimi mwenyewe, niliyewatengeneza, nilichuchumaa kwanza ndipo nikakumbuka. Nikang'oa waya.

Nikatoka nje polepole, hedifoni shingoni. Hakuna aliyesonga.

"Wameenda?" Mzee Lukindo akauliza kutoka bandani.

"Hawakuwa nyuki, Mzee," nikasema.

"Walikuwa nini?"

"Ni... ni toleo jipya."

Jameni. Ua mzima ukaniangalia. Baba akaweka zile kuni chini na kusema neno moja tu: "Mkamburi." Afadhali angenipiga.

Mzee Lukindo akatoka kinyumenyume, manyoya kichwani, na kuku mmoja nyuma yake akimlalamikia. Akajipangusa, akafunga tena vifungo vya koti. "Sisi," akasema, "tumetoka kwetu kwa heshima." Nikajua imeisha. Nimemvunjia dadangu ndoa kwa ajili ya kisanduku cha kelele. Nikamtafuta Wakesho kwa macho nimwombe msamaha, nikamkosa.

Kumbe alikuwa bado chini, karibu na kiti kilichopinduka. Gauni jipya limejaa udongo, leso ameitandaza juu, na chini yake kuna mtu. Alikuwa amemlalia Mama Dan. Wote walipojitupa chini, huyu mama hangeweza na lile goti, na Wakesho alimshusha kwenye kiti akamfunika kwa mwili wake.

"Mama, goti limeumia?" Wakesho alikuwa anauliza. "Usisimame haraka. Nishike hapa."

Akamwinua, akamkalisha, akamtafutia fimbo. Mama Dan akapanga kilemba chake bila haraka. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Dan yuko wapi?"

Kioo cha gari kule langoni kikashuka kidogo sana.

"Mama," sauti ikatoka garini, "wameisha?"

Mama Dan akavuta pumzi ndefu. "Lukindo, keti," akasema. "Niliyemzaa mwenyewe amejifungia garini. Huyu wa watu amenilalia. Unataka kuingia kwenye maneno gani tena? Nileteeni chai."

Chai! Mama yangu aliimwaga nusu akiileta, kwa mbio. Shangazi wakapiga vigelegele. Mimi nikakaa chini pale pale mlangoni nikalia, na sijui hata kama nilikuwa nalia au nacheka. Mzigo uliotoka kifuani mwangu, haki ya Mungu, ndovu hawezi kuubeba.

Wakati wa kuondoka Mama Dan akaniita. Nikaenda nimeinamisha kichwa.

"Ile kelele umeitengeneza wewe?"

"Ndiyo, Mama. Na wenzangu wa mtandaoni."

"Nyuki wako wana hasira," akasema, na akaingia garini. Dan ndiye alimfungulia mlango, bila kumtazama mtu yeyote.

Basi nimemwandikia Inês: "Ni nyuki wa kweli. Familia mbili zimethibitisha." Kisha nikaenda kwenye mwongozo wangu, nikafuta ule mstari wa "ongeza sauti" na kuweka mingine mitatu: Usiposikia kitu, kagua hedifoni. Kisha kagua dirishani. Usijaribu sauti hii wakwe wakiwepo.

Inês akauliza kama huo wa mwisho ni lazima. Nikamwambia ni lazima kuliko yote. Ameukubali, uko ndani ya toleo jipya, mkitaka mwangalie.

Wakesho amenisamehe, ila siku ya harusi muziki umepewa mtu mwingine. Nawaomba tu msicheke. Spika inarudi kwa mwenyewe kesho, na leo bado iko uani kwetu, na nyuki wangu bado wana hasira.